Adabu ya Kuuliza

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nimesomesha chuoni zaidi ya miaka arubaini, na msemo huo nimewaambia watoto mara zisizo na hesabu. Lakini, wasomaji wapenzi, maana yake nimeifahamu uzeeni, tena mahali nisipotazamia kwenda kusoma: kwenye tamasha la senema.

Msistaajabu. Hapa Unguja kuna tamasha la filamu, la Nchi za Majahazi, lililofanywa mara ya kwanza mwaka 1998. Maonyesho yake yamezoeleka Ngome Kongwe, pale mbele ya Forodhani, katika uwanja wa wazi ulio ndani ya kuta. Na filamu nyingine zimepelekwa hata mashamba na Pemba, ili wasioweza kufika mjini nao wazione. Mjukuu wangu alinishika mkono akanambia, "Babu, twende leo, kuna filamu ya chuo." Nikaenda.

Sisi wa rika langu tulizoea senema ya namna nyingine. Tulikwenda Majestic au Empire kutazama picha za Kihindi. Picha ikisha, taa huwashwa na kila mtu akashika njia yake. Aliyeitengeneza yuko Bombay, humjui wala hakujui. Ama katika matamasha haya, filamu nyingi ni za watu wasio na kampuni kubwa nyuma yao, zimetengenezwa kwa fedha za kuungaunga, na mara nyingi mwenyewe huja nayo. Ikimalizika hupanda jukwaani, mwongozaji humkaribisha kwa maneno machache, kisha kipaza sauti hupitishwa kwa watazamaji, na mwenye swali hunyoosha mkono. Muda ni mfupi, yapata robo saa, kwani filamu nyingine inangoja. Lakini kwa mtengenezaji robo saa hiyo ni kubwa: amekaa na kazi yake mwaka au miaka, na sasa ndipo anapojua watu wameona nini.

Filamu ya usiku ule ilikuwa fupi, ya kijana mmoja. Mtoto anachelewa chuoni kila siku, na kila siku maalim anampiga bakora bila ya kusema naye. Mwisho tunaonyeshwa mtoto yuleyule alfajiri: anateka maji kisimani, anampikia uji mamaye aliye mgonjwa, ndipo anapokimbilia chuoni na juzuu yake kifuani. Hapo ikakoma.

Damu ikanichemka. Niliona tumetukanwa sisi walimu mbele ya wageni. Kipaza sauti kilipokaribia nikakishika wa mwanzo. Sikuuliza, nilihutubu. Nilisema juu ya heshima ya mwalimu, na watoto wa siku hizi, na vijana wanaotafuta sifa kwa kuwaaibisha wazee wao. Nadhani nilikula dakika tano katika zile kumi na tano. Baadhi ya watu wakapiga makofi, nami nikakaa nikiona nimeshinda. Kijana aliinamisha kichwa akasema, "Ahsante, Maalim." Hakuongeza neno.

Kisha bibi mmoja mtu mzima, amevaa buibui, akaomba kipaza sauti. Swali lake halikuzidi pumzi moja: "Mwanangu, yule maalim baadaye alikuja kujua?"

Kijana akanyamaza kitambo. "Sijui, bibi," akasema. "Hakuniuliza, na mimi sikuthubutu kumwambia."

Uwanja mzima ukawa kimya. Ndipo tulipotambua kuwa mtoto yule ni yeye. Mimi nilikuwa na kipaza sauti dakika tano nisilijue hilo. Na lililoniuma zaidi ni kuwa filamu ilikuwa inasimulia habari ya mwalimu asiyeuliza, nami nilisimama mbele ya kadamnasi nikafanya yaleyale.

Sote tumesoma jinsi Jibrili alivyomjia Mtume, rehema na amani zimshukie, mbele ya masahaba, kwa sura ya mtu wasiyemjua. Alikuja kuwafundisha watu dini yao, lakini hakuhutubu. Alikaa kwa adabu akauliza. Na alipouliza juu ya Kiyama, akajibiwa kuwa mwulizwa hajui zaidi kuliko mwulizaji. Hadithi hii nimeisomesha miaka mingi. Usiku ule nilijiona kama sijaisoma.

Nilikosa usingizi. Alinijia moyoni mtoto mmoja wa zamani aliyekuwa akisinzia chuoni, nami nikimpiga. Sasa ni mtu mzima, anauza samaki sokoni Darajani. Wiki ile nilimwendea nikamuuliza, "Ulikuwa ukisinzia kwa nini?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akanambia baba yake alikuwa akimchukua usiku kwenda kuvua, na wakirudi alfajiri huja chuoni moja kwa moja. "Lakini, Maalim," akasema, "mbona hukuniuliza siku zile?"

Sikuwa na jawabu. Nilimwomba radhi, akanisamehe, tena akanifungia changu wawili niende nao nyumbani.

Basi, ndugu zangu, ukijaaliwa kukaa mbele ya mtu aliyeleta kazi ya mikono yake, iwe ni filamu au kitabu au mkeka, na ukapewa nafasi ya kusema, uliza usilolijua. Swali na liwe fupi, na liwe swali kweli, si hukumu iliyovishwa nguo ya swali. Ukishauliza, nyamaza usikilize, hata jawabu likiwa "sijui". Na tusidhani adabu hii ni ya jukwaani tu. Anayeihitaji zaidi ni mtoto aliyesimama mlangoni amechelewa, naye hana kipaza sauti.

Bakora yangu bado imetundikwa nyuma ya mlango wa chuo. Lakini mtoto akichelewa siku hizi, kwanza ninamkalisha, na ninamuuliza ametoka wapi.