Goti langu, sijida na sindano za Mchina

Kwa miaka miwili nilisali juu ya kiti. Aliyezoea tangu utotoni kuweka paji la uso chini ndiye ajuaye uchungu wa kuinamisha kichwa hewani ilhali safu nzima imekwenda sijida. Gegedu la goti langu la kulia lilikuwa limelika, na vidonge vya maumivu vilianza kuniunguza tumbo. Ndipo mkwe wangu aliponiambia, "Mama, jaribu akupancha."

Kwetu Unguja madaktari wa Kichina si wageni; wamekuwa wakija kutibu tangu 1964. Hata hivyo, nilikwenda na hofu mbili: maumivu na stara.

Ya stara niliimaliza mlangoni. Nilisema wazi kwamba nataka muuguzi wa kike awepo, na kwamba nitafunua mguu hadi gotini, basi. Hakuna aliyeniona mkaidi. (Wengi wetu hunyamaza, kisha tukarudi nyumbani na dukuduku.) Daktari, mwanamume wa makamo, aliniuliza juu ya usingizi, choo, na dawa ninazotumia, hasa zile za kuzuia damu kuganda. Akautazama ulimi wangu, akapima mapigo ya mikono yote miwili. Kwetu sisi Mashafii udhu ulitoka palepale, nikajua nitatawadha upya kabla ya adhuhuri.

Sindano zenyewe ni nyembamba mno, hazina tundu wala dawa. Nilihakikisha zinafunguliwa kutoka pakiti mpya mbele ya macho yangu, kwani ni za kutumika mara moja tu. Nilitarajia kuchomwa, nilichohisi ni uzito, kana kwamba goti linabanwa polepole kwa ndani. Saba ziliingia, mbili kati yake huko chini karibu na kifundo. Nikalala kiasi cha nusu saa nikileta nyiradi. Zilipochomolewa lilitoka tone moja la damu, nikaliosha. Kisha nikainuka kwa haraka, na kizunguzungu kikanirudisha kitandani. Kosa lilikuwa langu: nilikwenda bila kunywa hata chai, nikidhani tumbo tupu ndiyo adabu ya tiba.

Usiku ule goti liliuma kuliko jana yake. Nilimlalamikia mkwe wangu kuwa pesa zimepotea bure. Afueni ya kwanza niliiona baada ya safari ya nne, nayo ilikuwa ndogo. Daktari hakuniahidi muujiza. Alisema gegedu lililolika halirudi, akanihimiza mazoezi na kupunguza uzito. Kwa maneno hayo nilimwamini. Angeniambia niache vidonge vyangu vya shinikizo la damu, ningevaa buibui langu nikaondoka.

Ramadhani ilipokaribia nilimuuliza imamu wetu. Alinijibu kuwa sindano isiyoingiza chakula wala kinywaji haibatilishi saumu, lakini mtu wa kizunguzungu kama mimi aende baada ya kufuturu.

Juzi, peke yangu chumbani, nilikisogeza kiti pembeni, nikakunja khanga chini ya goti, nikasali rakaa mbili za dhuha. Sijida zote nne nilizifikisha chini. Adhuhuri nilirudi kitini.