Picha za Mwezini na Adabu ya Kupokea Habari

Imekuwa ada sasa, baada ya sala ya Isha, vijana wetu kukaa barazani wakibishana: je, ni kweli kuwa wanaadamu walishuka mwezini mwaka 1969? Mmoja hutoa simu yake akaonyesha picha zilizopigwa kutoka juu ya mwezi, akasema, "Hizi hapa njia walizopita!" Mwenziwe humjibu, "Picha hizo wamezipiga wale wale wadaio kwenda. Tangu lini mtu akawa shahidi wa nafsi yake?" Kisha wote wawili hunigeukia mimi, kwa kuwa ndimi mwalimu wao wa chuoni, wakitaka niwaamulie.

Wako wazee wasemao kuwa mabishano haya hayana faida. Mimi sioni hivyo. Mwezi wenyewe haupungukiwi na kitu kwa kubishaniwa. Walakini kijana aliyezoea kukubali habari kwa kuwa yaipenda nafsi yake, na kuikataa kwa kuwa awachukia walioileta, huyo yumo hatarini katika dini yake na dunia yake. Suratul Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha tuihakikishe habari kabla ya kuifuata, na maulamaa wetu wa Hadithi walimaliza umri wao katika kuwapima wapokezi mmoja mmoja. Basi natuipime habari hii kwa mizani ile ile.

Kwanza, picha zenyewe. Mnamo Juni 1969 hapakuwa na kitu cha mtu pale mahali. Mwezi wa Juni 2009, miaka arobaini baadaye, Marekani ilirusha chombo kiitwacho Lunar Reconnaissance Orbiter, kikauzunguka mwezi kwa kiasi cha kilomita 50 kutoka usoni pake. Kwa umbali huo, kitone kimoja cha picha ni sawa na nusu mita ya ardhi. Mwaka 2011 chombo kiliteremshwa hata kiasi cha kilomita 21, na picha zikazidi kuwa bayana. Zaonekana sehemu za chini za vyombo vilivyoachwa, na kivuli cha kila kimoja; zaonekana ala za uchunguzi, na mistari myeusi ambapo vumbi lilitimuliwa na miguu.

Ama pingamizi la yule kijana wa pili si la kudharauliwa. Maulamaa wengi hawaukubali ushahidi wa mzazi kwa mwanawe, kwa kuwa pana tuhuma ya mapendeleo. Lakini shahidi akituhumiwa, hukumu si kuwa aliyoyasema ni uwongo. Hukumu ni kutafuta shahidi mwingine. Naye yuko. Mwaka 2008 chombo cha Kijapani kiitwacho Kaguya kiliona weupe katika ardhi pale iliposhuka Apollo 15 mwaka 1971, mahali ambapo moto wa injini ulilipeperusha vumbi. Na mwaka 2021 chombo cha Kihindi, Chandrayaan-2, kilikipiga picha chombo cha Apollo 11 kikiwa pale pale kilipoachwa.

Hata hivyo, insafu yataka tuseme kweli juu ya kadiri ya ushahidi huu. Picha ya kitu mwezini yathibitisha kuwa kitu kimo mwezini. Haithibitishi peke yake kuwa mtu alikipeleka kwa mkono wake, kwani Urusi ya Kisovieti nayo ilipeleka vigari viwili visivyo na watu, Lunokhod, mwaka 1970 na 1973, navyo vinaonekana katika picha hizo hizo. Basi picha ni karina, na karina hupata nguvu ikikutana na nyingine.

Katika karina hizo, iliyonituliza moyo zaidi ni hii. Februari 1971, Alan Shepard na Edgar Mitchell wa Apollo 14 walipanda mlima wakikokota kigari cha vyombo, makusudio yao wafike ukingoni mwa kreta iitwayo Cone. Walichoka, njia iliwapotea, na muda ukawaishia. Wakarejea bila kuuona ukingo, wala hawakujua walikuwa mbali nao kiasi gani, nao wakasema hivyo hivyo. Zilipokuja picha za mwaka 2009, njia ya nyayo ikaonekana ikipanda, ikipinda, kisha ikakoma kiasi cha mita 30 tu kutoka ukingoni. Mwongo akitunga safari hujifikisha aendako. Hawa walikiri kushindwa, na ardhi imewasadikisha katika kushindwa kwao.

Zaidi ya hayo, safari sita za mwaka 1969 hadi 1972 zilileta kilo 382 za mawe na udongo, vikachunguzwa na wataalamu wa nchi nyingi. Warusi walileta udongo wao wenyewe kwa vyombo visivyo na watu, na Wachina wakaleta gramu 1,731 mwaka 2020. Tena Warusi ndio waliokuwa mahasimu wakubwa wa Marekani, na siku ile ile ya Julai 1969 chombo chao Luna 15 kilikuwa kikiuzunguka mwezi. Kituo cha Jodrell Bank, Uingereza, kilivifuatilia vyombo vyote viwili kwa mawimbi ya redio. Lau habari ingekuwa ya uwongo, hasimu angekuwa wa kwanza kuifichua. Habari iliyopokewa na watu wengi namna hii, wasioweza kuafikiana juu ya uwongo, katika elimu yetu ina jina lake: mutawatir.

Sasa nawageukia wale waikatao habari hii kwa jina la dini. Mbona baadhi yao huonyesha picha ya ufa mrefu mwezini, uitwao Rima Ariadaeus, wakasema ndiyo dalili ya kupasuka kwa mwezi? Picha hiyo ilipigwa na Apollo 10, mwaka 1969! Ufa huo una urefu wa kilomita 300 hivi tu, haukuuzunguka mwezi, na nyufa za namna yake ni nyingi. Muujiza wa Mtume wetu s.a.w. twauamini kwa Qur'ani na Hadithi, wala hauhitaji kushikizwa na picha isiyousemea. Na wako waliosimulia kuwa Neil Armstrong alisikia adhana mwezini akasilimu. Mwenyewe alikanusha, na mwaka 1983 serikali ya Marekani ilizipelekea balozi zake taarifa ya kukanusha. Lakini habari hiyo ingali inasimuliwa, kwa kuwa yatupendeza.

Hilo ndilo linihuzunishalo. Suratul Maida, aya ya 8, yatukataza chuki ya watu isitufanye tuache uadilifu. Tuna mengi ya haki ya kuyalalamikia mataifa makubwa. Lakini kumwita mtu mwongo bila ya hoja ni dhuluma, awe Mwislamu au asiwe. Na kijana akigundua kuwa mwalimu wake alitetea dini kwa habari ya uwongo, huenda akaitilia shaka hata ile iliyo kweli.

Basi enyi wazazi, mtoto akileta habari nyumbani, msimkemee wala msimshangilie. Muulizeni: Nani ameisema? Aliiona au aliisikia? Nani mwingine ameithibitisha? Maswali haya matatu yatamfaa katika habari za mwezini, na yatamfaa zaidi katika habari za jirani yake.

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki tuifuate, na atuonyeshe batili tuiepuke. Wallahu aalam.