Siku DJ wa kibanda umiza alipozima jenereta

Leo nawapeleka nyumbani kwetu Karagwe, pale Omurushaka, miaka ya mwanzo ya 2000, kabla Kyerwa haijakatwa kuwa wilaya yake mwaka 2012. Kwetu ni milima, migomba na kahawa. Bahari tuliiona kwenye ramani ya darasani tu.

Raha yetu ilikuwa kibanda umiza: mabati, turubai, TV ya chogo, jenereta linanguruma nje. Kiingilio shilingi mia. Dar walikuwa na Lufufu wao, na sisi tulikuwa na DJ wetu. Jina namhifadhia, sasa hivi ni babu wa watu anayeheshimika huko Nkwenda. Kiingereza chake cha kuungaunga, ila mdomo sasa! Kwake Rambo alikuwa Mnyambo aliyedhulumiwa hela ya kahawa ya magendo kule Murongo. Tulicheka mpaka machozi.

Siku moja akaleta DVD ya ishirini kwa moja, vita tupu. Mojawapo ilikuwa Das Boot. Wajerumani ndani ya nyambizi, Vita vya Pili vya Dunia. Tukasubiri stelingi aanze kuua. Wapi! Muda mwingi ni madevu, jasho na kusubiri.

Ukubwani ndiyo nimejua kwa nini. Buchheim, aliyeandika kile kitabu mwaka 1973, alipanda nyambizi kweli mwaka 1941 akiwa mwandishi wa habari za vita. Petersen alipotengeneza filamu, iliyotoka 1981, alijenga tumbo la nyambizi studio huko München, jembamba kama lenyewe, likawa linatikiswa huku waigizaji wamo ndani. Filamu inaanza kwa kukwambia kwamba kati ya Wajerumani 40,000 waliokwenda vitani na nyambizi, 30,000 hawakurudi. DJ wetu hayo aliyaruka.

Basi, ikafika pale Gibraltar. Nyambizi inapigwa, inazama mpaka chini kabisa. Nati zinafyatuka, maji yanaingia, hewa inapungua. DJ kwenye maiki anaporomosha utani, sisi watoto tunapiga kelele.

Mlangoni alikuwa amesimama mama muuza karanga. Alikuwa haingiagi ndani hata siku moja. Siku hiyo akasogea mpaka karibu na TV, akauliza taratibu, "Mwanangu, hao wakigonga, huko juu wanasikika?"

Kibanda kizima kimya. Hakuna asiyejua. Mdogo wake alikuwa ndani ya MV Bukoba, Mei 21, 1996, anakwenda Mwanza. Meli ilipinduka ikiwa imeshakaribia kufika. Kagera nzima tumekua tukisikia habari ya watu waliokuwa wakigonga kwa ndani, na jinsi chuma kilipotobolewa ili watolewe, hewa ikatoka, meli ikazama. Wengi wamezikwa Igoma. Huyo mdogo wake hakupatikana.

DJ hakumjibu. Alinyamaza, halafu akaendelea kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia, bila utani hata mmoja. "Mafundi wanaziba. Wanatoa maji. Kapteni anasema tujaribu." Nyambizi ilipoibuka na wale watu wakavuta hewa, kibanda kililipuka kwa shangwe.

Mama akauliza, "Wametoka wote?"

"Wametoka, mama."

Dakika chache baadaye jenereta likazimika. DJ akasema mafuta yamekwisha, akarudisha shilingi mia ya kila mtu. Tukalalamika, tukaondoka. Mama akaenda zake. Wiki nzima alikuwa anasimulia watu sokoni kwamba wale walitoka.

Miaka mingi baadaye nikaiona filamu hadi mwisho. Wanafika bandarini, La Rochelle, wanapokelewa kwa shangwe, mara ndege za adui zinamwaga mabomu. Wengi wanakufa pale pale nchi kavu. Kapteni anaiangalia nyambizi yake ikizama, naye anakufa.

Nikamfuata DJ Nkwenda. Nikamuuliza, mafuta yalikwisha kweli? Akacheka kidogo. "Ile DVD niliiangalia mchana. Mafuta yalikuwepo."

Inasemekana Buchheim mwenyewe hakuridhika na filamu. Aliona imegeuza uchungu wa kitabu chake kuwa burudani. Namwelewa. Angeingia kwenye kibanda chetu na kusikia ule utani, angetuvunjia TV. Na mwisho ule ndio ujumbe wenyewe, vita haina stelingi. DJ wetu aliukata.

Mimi hadi leo nimegawanyika. Upande mmoja nasema yule mama alikuwa mtu mzima, alistahili kuambiwa ukweli. Upande mwingine namwona pale sokoni na sinia la karanga kichwani, anamwambia kila mteja, "Walitoka wote."

Wewe mdau ungekuwa na maiki siku ile, ungefanyaje?