Picha ya Kitambulisho cha Shangazi

Huku kwetu Nyabiyonza, deni lilikuwa na sura. Mtu akikwama kabla ya msimu aliuza butura, yaani kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei aliyoitaja mnunuzi. Serikali imeikataza mara nyingi. Shangazi yangu aliuza butura mara mbili ili wanawe wasome, lakini alijua anadaiwa na nani, katika daftari gani, na daftari lenyewe linalala nyumba ipi.

Safari hii aliomba mkopo mjini Kayanga, apate mbolea na hela ya vibarua. Akaambiwa, "Mama, jina lako linasoma una deni." Deni gani? La nani? Hakujibiwa. Akaelekezwa akatafute taarifa zake za mikopo.

Taarifa hizo hutunzwa na kampuni zenye leseni ya Benki Kuu, chini ya kanuni za mwaka 2012. Ni haki ya mtu kuomba za kwake. Ila lazima kwanza athibitishe kuwa yeye ndiye yeye, na shangazi ana kitochi tu. Akaenda kwa kijana wa steshenari. Kijana akataka picha ya kitambulisho pande zote mbili, namba ya simu na, eti kwa uhakika zaidi, namba ya siri ya pesa za simu. Picha alishapigwa aliponipigia.

"Mwanangu, na hii ya siri nimpe?"

"Usimpe, shangazi. Nakuja likizo."

Nilipofika nilikwenda kuiona hiyo kompyuta. Kulikuwa na folda imeandikwa NIDA, na ndani yake majirani zetu wote: muuza dagaa, mzee wa kanisa, mwalimu aliyenifundisha darasa la pili. Sidhani kijana ni mwizi. Anatunza ili mtu akirudi asihangaike kupiga tena. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zisikae kuliko haja iliyozileta. Chuoni Dar es Salaam tuliijadili kwa saa mbili, na hakuna aliyeitaja steshenari.

Tukafanya wenyewe kwa simu yangu. Nilimfungulia shangazi barua pepe yake. Nenosiri alilichagua mwenyewe huku mimi nimegeukia ukutani. Tarakimu za uthibitisho zilipoingia kwenye kitochi alizifunika kwa kiganja, akanitazama kwa mashaka hadi nikacheka. Juu ya nakala ya kitambulisho tuliandika kwa kalamu, "Kwa kuomba taarifa za mikopo tu," na tarehe. Nikamwonyesha pia kwamba namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa.

"Kumbe umri wangu nimeugawa soko zima!"

Tulipokuwa tukisubiri, tukapiga *106#, ambayo humwonyesha mtu laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Zikaja mbili. Moja hakuna aliyeijua nyumbani. Taarifa ya mikopo ilipofika, deni lilikuwa la namba hiyo: shilingi 38,000, mkopo wa simu, haujalipwa. Kwa fedha hiyo msimu mzima wa mbolea umempita. Nani aliisajili laini, kwa picha ipi na alama ya kidole ya siku gani, hatujui. Shangazi amewahi kuweka kidole kwa mawakala wengi, wengine chini ya mwavuli mnadani.

Alirudi steshenari mwenyewe. Kijana akafuta picha bila ubishi.

"Na humo kwenye pipa lake, toa."

Akatoa. Akamwuliza za wengine je. Kijana akasema wenyewe hawajaja.

Laini ile imefungwa. Deni bado linasoma. Tumepeleka malalamiko, yakapewa namba, na shangazi ameiandika nyuma ya daftari lake la kahawa, chini ya kilo za mwaka jana.