Probox au Noah kwa barabara ya Baraka?

Hapa Uvira, ukisema tu unatafuta gari la kazi, watu wanagawanyika: hawa wa Probox, wale wa Noah. Mimi na mdogo wangu tulitumwa na familia kuchagua moja, kwa pesa iliyochangwa na wengi, mama zetu pia. Kazi yake ni kubeba mawese na mihogo kutoka Mboko, na wasafiri wa kwenda Baraka. Tulijaribu yote mawili juma moja. Yote ni ya mitumba kutoka Japani, Toyota, na yanakunywa esansi.

Noah ile ya zamani ina injini ya lita 2, Probox ya lita 1.5. Kwa hiyo Noah inakunywa zaidi, hilo halina ubishi. Lakini kwenye matope Noah ilitushangaza. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoisukuma, na mzigo ukikaa nyuma unayakandamiza, yanashika udongo. Probox inavutwa na magurudumu ya mbele. Ukiijaza bidoni nyuma, mbele kunakuwa kwepesi, na kwenye mlima wenye utelezi magurudumu yanazunguka bure. Mdogo wangu aliamua palepale: Noah.

Mimi niliangalia mlango. Noah ile ina mlango mmoja tu wa abiria, wa kusukuma, upande wa kushoto, kwa sababu Japani wanaendesha kushoto na abiria anashukia pembeni ya barabara. Congo tunaendesha kuume. Kwa hiyo kila mama anayeshuka na mtoto mgongoni anakanyaga katikati ya barabara, mahali pikipiki na malori yanapopita. Ukielekea Baraka, ziwa liko kushoto, na watoto wanashuka wakilitazama ziwa, si lori. Probox ina milango pande zote mbili. Usukani uko kuume kwa yote mawili, na dereva akitaka kupita lori haoni mbele. Hapo hakuna lililo bora.

Halafu injini ya Noah iko chini ya viti vya mbele. Fundi anainua viti kwanza ndipo aione, na dereva anakaa juu ya joto mchana kutwa.

Mzigo je? Kiwanda kinaipa Probox kilo 400 ikiwa na watu wawili tu. Hizo ni kama bidoni 20 za mawese za lita 20. Najua hapa wanapakia zaidi. Ndiyo maana nyingi zinatembea zikiburuta mkia. Viti vya nyuma vikilazwa, sakafu ina urefu wa mita 1.8, mgonjwa analala. Usiku, kwenye barabara ile, gari lolote lililopo ndilo ambulansi.

Tulichukua Probox. Kila mvua ikinyesha mdogo wangu ananikumbusha ile Noah, na siku za matope tunapakia bidoni 12.