Saa ya Baba Ndani ya Fremu

Wengi mmeniuliza zile fremu zenye vigurudumu vya saa nazitengenezaje, nami nimekuwa nikikwepa. Ile iliyoniletea wateja wengi ndiyo hiyo hiyo iliyoninyima usingizi.

Mtindo wenyewe huitwa stimpanki. Umetoka kwenye hadithi za kubuni zinazowaza dunia ambayo mashine za mvuke hazikupitwa na wakati, na jina lilianza kutumika mwaka 1987. Ndiyo maana utaona shaba, meno ya mashine, funguo kuukuu, ngozi na lesi. Mimi sikuuona mgeni. Unguja nasi tulikuwa na treni ya mvuke, mwaka 1905, ikitoka mjini hadi Bububu. Na mtu aliyesomea cherahani baada ya skuli kama mimi, taka zake ni mali: bobini, meno ya zipu, vifungo vya shaba, vipande vya kanga. Vigurudumu nanunua kwa mafundi saa, kwenye zile saa zilizokwisha kufa.

Tafuta fremu ya mbao yenye kina cha vidole viwili hivi. Chini bandika kipande cha gunia la karafuu, juu yake karatasi uliyoichovya kwenye chai ya rangi iliyokolea ukaianika kivulini. Halafu lesi au pindo la kanga, na chuma mwisho. Gundi nyeupe ni ya karatasi na nguo. Chuma kinataka ile ya mirija miwili inayochanganywa, la sivyo masika yakipita utaokota vigurudumu sakafuni. Kitu cha plastiki kipake rangi nyeusi, kikikauka chovya ncha ya kidole kwenye rangi ya dhahabu upitishe kwenye miinuko tu. Mtu ataapa ni chuma.

Tahadhari mbili. Karatasi za kale za herufi za Kiarabu usizikate kama huzisomi, huenda mna aya au jina la Mwenyezi Mungu. Na saa za zamani zenye nambari zinazong'aa gizani usizifungue kabisa. Nyingi zilipakwa radiamu, na vumbi lake si la kuvuta puani.

Sasa hiyo saa. Baba alinipa saa yake ya mkono nimpelekee fundi, nikaitia kwenye droo ya cherehani, siku zikapita. Akafariki. Nyumba na mikarafuu ikagawiwa, saa hakuna aliyeitaja. Mwaka jana nilikuwa na fremu ya haraka, vigurudumu vimenishia, nikaifungua. Vilikuwa vidogo kama ufuta, vizuri mno. Mgeni mmoja aliinunua siku ile ile kwa shilingi 180,000, na kesho yake akasafiri. Nikaweka picha kwenye simu. Mdogo wangu akaniandikia: "Dada, huo si uso wa saa ya Baba?"

Nikamjibu ilikuwa mbovu. Kweli, ilikuwa mbovu. Nikaenda kwa Mama nikitafuta wa kuniunga mkono. Hakuacha kuchambua mchele. Akasema, "Mbovu yako wewe, mwanangu, au yetu sote?"

Aya ya 7 ya Suratun Nisaa inataja fungu la wanaume na fungu la wanawake, mali iwe chache au nyingi. Nimeisikia darsani mara ngapi! Na kila mara nilikuwa nikituwazia sisi wanawake tunaodhulumiwa na kaka zetu. Haikunijia hata siku moja kwamba mwenye kula cha wenzake ningeweza kuwa mimi.

Kazi na vifaa vilikuwa vyangu, lakini sikuweza kujua saa imeishia wapi na mkono wangu umeanzia wapi, basi nikagawa zote. Thumni ya Mama 22,500. Kaka 63,000, mdogo wangu 63,000, mimi 31,500. Nilihesabu mara tatu juu ya mkeka nikitetemeka, kana kwamba ni milioni.

Mama alipokea zake bila neno. Kaka alisema amenisamehe, nikazitia mfukoni mwake kwa nguvu. Mdogo wangu alizirudisha mezani.

"Mimi sikutaka pesa, Dada. Nilitaka saa."

Sikuwa na jibu. Usiku nikakumbuka mfuniko wa nyuma. Ulikuwa bado kwenye kopo la vifungo, kwa sababu umekwaruzika na kuliwa na jasho, nikauona haufai kwenye fremu. Asubuhi nikampelekea. Akaugeuza, akaufutia kwenye kanzu, akautia mfukoni. Kisha akaniuliza kama nimeshakunywa chai.