Kuizunguka Ngazija kwa Gari

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia kuwapangia watu safari. Nilianza kama mkata tiketi katika ofisi ndogo ya Kariakoo, Dar es Salaam, na wateja wetu wengi walikuwa Wangazija, watu wa kisiwa cha Ngazija huko Komoro. Waliletwa na mambo mawili, hospitali na biashara. Mgonjwa alikuja na nduguye kumwona daktari. Mfanyabiashara alikuja kuchukua vyombo vya plastiki, viatu, vitenge na vipuri. Kutoka Dar hadi Hahaya, uwanja wa ndege wa Ngazija, ni kiasi cha saa moja na nusu angani, kwa hiyo kwao Kariakoo ilikuwa kama soko la mtaa wa pili. Nilielewana nao haraka. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Itsandra akaolewa Unguja, na nyumbani kwetu Kingazija kilizungumzwa jikoni kila wanawake wa ukoo walipokutana.

Watalii hawakuwamo katika hesabu za ofisi yetu. Mtu akitaka kutalii alipelekwa Serengeti au Nungwi, na Komoro ilibaki nchi ya kwenda kwa haja maalumu. Waliobadilisha kazi yangu ni watu wa pwani wenyewe: familia za Unguja, Mombasa na Dar ambazo babu au bibi yao alitoka Ngazija, na watoto waliokwisha soma na kupata kazi sasa walitaka kuona alikotoka. Wengine walikwenda kwa ajili ya masheikh. Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyekuwa kadhi Zanzibar hadi alipofariki mwaka 1925, alizaliwa Itsandra mwaka 1861. Na kaburi la Sheikh Al-Maarouf wa tarika ya Shadhiliya liko Moroni, mji mkuu wa Komoro. Watu hawa hawakuhitaji kuelezwa kwa nini waende. Walichouliza kilikuwa kimoja: tukikodi gari, tunaweza kukizunguka kisiwa kizima?

Mwenye ofisi alinituma Moroni nikalipatie swali hilo jibu, na tangu hapo Ngazija ikawa kazi yangu.

Kwenye karatasi, jibu ni rahisi. Kisiwa kina eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,148, na kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini hakifiki kilomita 70. Barabara inafuata pwani karibu kote. Mtu wa Dar anayeitazama ramani hiyo husema mara moja kwamba ni safari ya kutwa, aondoke baada ya chai na arudi kabla ya magharibi. Na kweli gari laweza kuzunguka kwa kutwa. Lakini nimewaona walioizunguka hivyo wakirudi na picha nyingi wasizoweza kuzitaja majina. Mimi sikukubali kuiuza safari hiyo. Kila niliyemhudumia nilimwambia alale angalau usiku mmoja nje ya Moroni, na aliyebishana nilimrudishia fedha zake.

Swali linalofuata ni upande wa kuanzia. Wengi huanza kaskazini kwa kuwa uwanja wa ndege uko huko. Mimi nilishikilia kusini. Komoro magari hupita kulia, kama ilivyoachwa na Mfaransa, kwa hiyo ukitoka Moroni kuelekea kusini bahari inabaki kulia kwako mzunguko mzima, na dereva akitaka kusimama ili mgeni apige picha halazimiki kukata barabara. Kisha kuna jua. Asubuhi pwani ya magharibi bado imefunikwa na kivuli cha mlima Karthala na hewa ni ya ubaridi. Adhuhuri uko mashariki. Na jua linapotua uko Mitsamiouli, kaskazini-magharibi, ambako linazama baharini mbele ya macho yako. Ukienda kinyume, machweo yanakukuta nyuma ya mlima, giza linaingia mapema, na mashimo ya barabara hayaonekani tena.

Karthala yenyewe ina saa yake. Ni volkano hai yenye kimo cha mita 2,361, na kilele chake hujifunika mawingu mapema. Anayetaka kukiona aamke alfajiri atazame juu kabla hajanywa chai. Mlima huu unaamua mengi kisiwani. Upande wake wa magharibi hupata mvua nyingi kuliko wa mashariki, na bado Ngazija haina mto hata mmoja wa kudumu, maana maji yote huzama katika mawe ya volkano. Watu huvuna mvua kutoka mapaani na kuihifadhi kwenye birika kubwa za saruji. Mlima ulipolipuka Novemba 2005, majivu yalianguka ndani ya birika hizo na vijiji vikakosa maji ya kunywa. Ndiyo maana katika kila gari niliweka madumu ya maji, na wageni niliwaambia mapema kwamba huko wataoga kwa kopo na ndoo. Aliyezoea hoteli za Nungwi alikunja uso. Akishaiona birika ya nyumba ya wenyeji, akajua kwamba maji yale ndiyo ya familia nzima mpaka mvua ijayo, alioga kwa makopo mawili.

Dereva niliyefanya naye kazi kwa miaka mingi alikuwa mtu mzima wa Hambou, eneo lililo kusini mwa Moroni. Nilimpelekea ratiba yangu ya mwanzo imeandikwa vizuri, ina saa na majina ya miji. Aliisoma polepole huku kidole kikifuata mistari, akafika mahali akasimama.

“Mwanangu, hapa umeandika Foumbouni saa sita mchana. Na siku yenyewe ni Ijumaa.”

“Ndiyo, Mzee. Tutakula hapo.”

“Saa sita Ijumaa watu wanaoga, wanavaa, wanakwenda msikitini. Mwenye kutupikia naye anakwenda. Tufike mapema, tuwasalimu bangweni, tuswali nao, kisha tule. Hapo tutakuwa tumefika Foumbouni.”

Akachukua kalamu, na pembeni ya kila mji niliouandika akaongeza mtu. Singani: mwalimu mstaafu. Chomoni: mama mwenye nyumba karibu na ufuo. Mbéni: shemeji yake. Ratiba ile ilijaa jamaa na marafiki, na ndiyo niliyoitumia hadi nilipoondoka kazini.

Bangwe ni uwanja wa mji, wenye mabaraza ya kukalia, na katika miji ya zamani huingiwa kwa mlango uliojengwa. Hapo wanaume hukaa jioni kuzungumza mambo ya mji, na mahali pa kukaa si pa kujichagulia. Waliokwisha fanya ada, yaani ile arusi kubwa inayomwinua mtu kuwa mzee wa mji wake, wana nafasi zao. Mgeni anayeshuka garini na kamera shingoni, akapanda barazani kutafuta picha nzuri ya msikiti, amewakosea watu bila kujua. Kwa hiyo nilipanga muda wa salamu. Dereva alitangulia kushuka, akawapa mikono wazee kwa mpangilio wao, akaeleza huyu ni nani na babu yake ni wa mji gani. Kwa familia za Unguja na Mombasa hapo ndipo safari ilipoanza hasa. Jina la babu likitajwa, mzee mmoja hufumba macho, hulirudia, halafu humtuma kijana aende nyumba fulani kuuliza. Mara nyingi kijana hurudi na mtu wa ukoo ule. Ratiba isiyo na nafasi ya jambo kama hilo ni afadhali isiandikwe.

Ada ndiyo iliyonisumbua kuliko mvua. Julai na Agosti, Wakomoro walioko Ufaransa, hasa wale wa Marseille, hurudi nyumbani, na arusi hufuatana kijiji kwa kijiji. Magari ya kukodi hayapatikani, vyumba vimejaa, mafuta yakiadimika foleni inapinda kona, na barabara ya pwani hufungwa na maandamano ya wanaume waliovaa majoho yaliyotariziwa kwa uzi wa dhahabu. Wapangaji wenzangu waliiepuka miezi hiyo. Mimi niliwapeleka watu katikati yake kwa makusudi, kwa bei ya juu na kwa tahadhari, kwa sababu hakuna wakati mwingine utakaposikia twarabu ikipigwa uwanjani usiku kucha, au kuwaona kina mama nyuso zimepakwa msindzano, kama wanavyojipaka liwa kwetu. Nilichofanya ni kupunguza miji. Safari ya Julai haimalizi mzunguko. Inachukua kusini tu au kaskazini tu, na siku nzima imeachwa kwa arusi moja ambayo tumealikwa. Kualikwa si kazi ngumu, ni kusalimu tu mapema.

Njia yenyewe naweza kuipita nikiwa nimefumba macho. Kwanza Iconi, na jabali lake ambako, kama wenyeji wanavyosimulia, wanawake walijirusha wasichukuliwe na wavamizi kutoka Bukini, yaani Madagaska, waliokuwa wakija kuteka watumwa. Hapo dereva alizima redio bila kuambiwa. Mbele kidogo ni Singani, iliyofunikwa na lava ya Karthala mwaka 1977 na kujengwa upya. Baada ya Foumbouni unapanda mashariki hadi Chomoni, ufuo wenye mchanga mweupe na mawe meusi ya lava yaliyojichomeka ndani yake. Pale mama mwenye nyumba alitupikia mataba, kisamvu kilichochemshwa kwa nazi mpaka mafuta yakaelea, na kutukatia mikate ya futra yenye ufuta juu. Kutoka pwani ile mtu akiugua kuna njia ya mkato ya kupitia uwanda wa Diboini, katikati ya Karthala na milima ya La Grille, ambayo inakutoa upande wa pili bila kuzunguka kaskazini. Niliiandika katika kila ratiba kwa wino mwekundu, na kuna jioni ilipotusaidia kumfikisha mjamzito hospitali.

Karibu na Bangoi-Kouni kuna ziwa la maji ya chumvi lililokaa ndani ya kasoko, hatua chache kutoka baharini. Husimuliwa kwamba palikuwa na kijiji, akapita mgeni akaomba maji ya kunywa akanyimwa, na ardhi ikazama na watu wake. Katika kisiwa kisicho na mto, hadithi hiyo ina uzito wake. Watoto wa Dar walioisikia pale juu ya ukingo hawakuuliza kama ni kweli. Waliuliza nani alimnyima.

Galawa ni jirani. Hapo palikuwa na hoteli kubwa kuliko zote nchini, iliyofungwa mwaka 2001. Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta ikaangukia maji ya pwani hiyo, na watu 125 kati ya 175 waliokuwamo walikufa, akiwamo Mohamed Amin, mpigapicha Mkenya aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984. Waliookoka walitolewa majini na wavuvi wa pale, wenyeji na wageni wa hoteli waliokimbilia boti zao. Kampuni moja niliyoshirikiana nayo ilitaka tuligeuze jambo hilo kuwa kivutio, na tuweke kibao. Nilikataa, na ushirika wetu ukaishia hapo. Tunapopita tunasimama, anayetaka kusoma Fatiha anasoma, tunaendelea.

Kurudi Moroni siku ya pili ni kwa kupitia mashamba ya lava nyeusi ya Hahaya, kisha Itsandra. Mjini nilibakiza mambo mawili ya lazima. La kwanza ni Msikiti wa Ijumaa wa kale ulio mkabala na bandari ya majahazi, ambao asili yake ni mwaka 1427. La pili ni makumbusho ya taifa, alikohifadhiwa gombessa, samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka tangu enzi za dinosauri. Wageni kutoka Tanga walimtambua kabla sijafungua mdomo, maana tangu mwaka 2003 wavuvi wa kwao nao wamekuwa wakimnasa.

Linabaki swali la Mwali, kisiwa jirani, ambalo kila kundi huliuliza likishamaliza Ngazija. Boti huondoka Chindini, kusini kabisa, kuelekea Hoani, na ukiwa ufukweni kisiwa kinaonekana karibu. Bahari ya mlango ule si ya kuchezewa, hasa msimu wa kusi. Sikumpandisha mtu boti isiyo na jaketi la kuokolea kwa kila abiria, hata boti iwe tayari imewasha injini na wengine wanatuita, na vijana ninaowafundisha kazi sasa nawataka washike hivyo hivyo. Kama hali si nzuri, kuna ndege ndogo. Na kasa wa Itsamia, huko Mwali, hupanda ufukweni kutaga usiku, kwa hiyo anayetaka kwenda asubuhi na kurudi jioni asilipie safari hiyo. Alale Itsamia, au aiache Mwali kwa mwaka mwingine.